Ulinzi wa pamoja wa Ulaya: nani analipa, nani anatoa amri?

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote Februari 2022, karibu kila mkutano wa viongozi wa Ulaya umemalizika kwa tamko la kuimarisha sera ya pamoja ya ulinzi na usalama, na kila tamko limefuatiwa na mjadala uleule wa kama Ulaya iunde jeshi moja au isiunde. Kwa maoni yangu, mjadala huo unagombania jambo lisilokuwapo mezani. Nchi 27 za Umoja wa Ulaya hazijapungukiwa mikataba, na zikijumlisha askari wao wanazidi milioni moja. Kinachosumbua ni maswali mawili ambayo kila kizazi cha viongozi huko kimeyaruka: kikosi cha pamoja kikitoka kambini nani analipa, na nani mwenye mamlaka ya kukiamuru kitoke?

Nitaanza na mfano ambao baadhi ya wasomaji wa hapa wanaufahamu kwa karibu kuliko maofisa wa Umoja wa Ulaya walioko Brussels, kwa kuwa ulitokea Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC).

Mapema Mei 2003 jeshi la Uganda liliondoka Bunia. Wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu wakaanza kuugombania mji, na kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwapo, ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa askari wa Uruguay, kilikuwa kidogo mno hata kuwalinda raia waliokimbilia kwenye uzio wake. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, aliomba msaada, Ufaransa ikakubali kulibeba jukumu, Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1484 tarehe 30 Mei, na kabla ya katikati ya Juni Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuidhinisha operesheni iliyopewa jina la Artemis. Hiyo ndiyo iliyokuwa operesheni ya kwanza ya kijeshi ya Umoja huo nje ya bara la Ulaya, tena ya kwanza kuendeshwa bila kuazima kamandi wala mitambo ya NATO. Askari na shehena walishukia kwanza Entebbe, kwa kuwa uwanja wa Bunia haukuweza kupokea ndege kubwa kabisa za mizigo, kisha wakavushwa hadi Ituri kwa ndege ndogo zaidi. Tarehe 1 Septemba mji ulikabidhiwa kwa MONUC, yaani kikosi kile cha Umoja wa Mataifa, iliyokuwa imeongezewa nguvu.

Operesheni hiyo isisifiwe kupita kiasi. Mamlaka yake yaliishia mjini Bunia, mauaji yaliendelea vijijini, na wanamgambo walijua fika kuwa wageni wangeondoka baada ya miezi mitatu. Hata hivyo lililoagizwa lilitekelezwa, na likatekelezwa haraka. Sababu yake ni rahisi: nchi moja ilikuwa tayari. Ufaransa ilitoa wengi wa askari, makao makuu ya operesheni yalikuwa Paris, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika hazina yake. Wengine, wakiwamo makomandoo wa Sweden, waliongezea nguvu juu ya kitu kilichokuwa kimekwisha kusimama.

Ulaya ilipojaribu kuifanya Artemis kuwa utaratibu wa kudumu ndipo mambo yalipokwama. Mwaka 2004 Ufaransa, Uingereza na Ujerumani zilipendekeza vikosi vya dharura, kila kimoja kikiwa na askari wapatao 1,500 walio tayari kuondoka kwa muda mfupi. Kuanzia Januari 2007 utaratibu uliopangwa ni kuwa na vikosi viwili zamu wakati wote, miezi sita kwa miezi sita. Vimefanya mazoezi, vimekaguliwa, vimepigwa picha za kutosha. Havijapelekwa vitani hata mara moja.

Nafasi ilikuja mapema, na ilikuja Kongo hiyohiyo. Mwishoni mwa Oktoba 2008 waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda walifika ukingoni mwa mji wa Goma, Kivu. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, aliuomba Umoja wa Ulaya utume kikosi cha kuziba pengo hadi askari wa nyongeza wa MONUC wafike. Zamu ya miezi ile ilikuwa ya Uingereza na ya kikosi kilichoongozwa na Ujerumani. Nchi zote mbili hazikutaka. Uingereza ilikuwa na majeshi yake Iraq na Afghanistan, na Ujerumani haikuwa na hamu ya kulipelekea bunge lake ombi la kwenda Kivu. Goma ikabaki na MONUC.

Ukitazama utaratibu wa malipo utaona kwamba jibu hilo lilikuwa limeandikwa mapema. Kanuni iliyotawala operesheni za kijeshi za Umoja wa Ulaya ni kwamba kila nchi hujilipia gharama za askari wake, huku mfuko wa pamoja ukigharimia sehemu ndogo tu, kama vile makao makuu na miundombinu ya pamoja. Kwa hiyo mwenye zamu ndiye anayehatarisha askari wake, na ndiye anayeletewa bili. Nchi 26 nyingine zinaweza kupiga kura ya ndiyo bila kutoa senti, na wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Chini ya kanuni hiyo, mwenye uwezo wa kuanzisha operesheni ndiye mwenye sababu nzuri kuliko wote za kuikataa.

Swali la pili, la amri, ni gumu zaidi, kwa kuwa halitatuliwi kwa fedha. Ujerumani, tangu hukumu ya Mahakama yake ya Katiba ya mwaka 1994, haiwezi kupeleka kikosi chenye silaha nje bila idhini ya bunge. Ufaransa ni kinyume chake: rais huamuru kwanza, serikali hulitaarifu bunge ndani ya siku tatu, na kura huhitajika tu iwapo operesheni itapita miezi minne. Ireland imekuwa na sharti linaloitwa kufuli tatu, yaani idhini ya Umoja wa Mataifa, ya serikali na ya bunge kabla ya kupeleka askari zaidi ya 12, ingawa serikali ya Dublin imetangaza nia ya kulibadilisha. Juu ya hayo yote, Baraza la Umoja wa Ulaya huamua masuala ya kijeshi kwa kauli moja, kwa hiyo nchi moja ikikataa, shauri limekwisha.

Nitaendelea na suala la fedha za sasa. Nakaribisha hoja.

#2

Mkuu, hoja yako ya Bunia na Goma nimeielewa, lakini naona kama unaitaka Ulaya ifanye jambo ambalo lina mwenyewe. NATO ipo tangu 1949, ina kamandi, ina mipango ya vita, ina Marekani. Nchi 23 kati ya 27 za Umoja wa Ulaya ni wanachama wa NATO, na zilizobaki nje ni Austria, Ireland, Kupro na Malta tu. Kwa nini kujenga nyumba ya pili katika kiwanja hichohicho?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni halali, na Waulaya wenyewe wameligombania kwa zaidi ya miaka 70.

Tukumbuke kwamba nyumba hiyo ya pili ilikaribia kujengwa kabla ya hata Soko la Pamoja. Oktoba 1950 waziri mkuu wa Ufaransa, René Pleven, alipendekeza jeshi la Ulaya lenye waziri wake wa ulinzi na bajeti yake. Shabaha ilikuwa wazi: Marekani ilitaka Ujerumani Magharibi irudishiwe silaha kwa sababu ya vita vya Korea, na Ufaransa, miaka mitano tu baada ya kukaliwa na Wajerumani, ilitafuta namna ya kuwa na askari wa Kijerumani bila kuwa na jeshi la Kijerumani. Nchi sita zilitia saini mkataba huko Paris tarehe 27 Mei 1952. Tarehe 30 Agosti 1954 Bunge la Ufaransa likauzika kwa kura 319 dhidi ya 264. Waliobuni wazo ndio waliolizika, na Mei 1955 Ujerumani Magharibi ikaingia NATO ikiwa na jeshi lake la kitaifa, jambo ambalo mpango mzima ulikuwa umebuniwa kulizuia.

Tangu siku hiyo mgawanyo wa kazi umekuwa huu: ulinzi ni wa NATO, yaani Marekani, na Umoja wa Ulaya unashughulika na uchumi. Mgawanyo huo ulianza kutetereka Yugoslavia ilipovunjika na Ulaya ikajikuta haiwezi kuzima moto wa jirani bila ndege za Marekani. Desemba 1998 Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza, na Jacques Chirac, rais wa Ufaransa, walikutana Saint-Malo na kukubaliana kwamba Umoja wa Ulaya lazima uwe na uwezo wa kutenda kwa uhuru ukiwa na majeshi ya kuaminika nyuma yake. Mwaka uliofuata, mjini Helsinki, viongozi waliahidi kwamba ifikapo 2003 wangeweza kupeleka askari kati ya 50,000 na 60,000 ndani ya siku 60 na kuwahudumia huko kwa mwaka mzima. Mwaka 2022 ahadi mpya ilikuwa kikosi cha hadi askari 5,000 ifikapo 2025. Mwenye kupenda hesabu alinganishe mwenyewe.

Sasa, kwa nini NATO haitoshi? Kuna jibu la kisiasa ambalo kila mtu analijua, kwamba Washington imebadilika na hakuna anayeweza kuweka dhamana juu ya uchaguzi wa nchi nyingine. Lakini kuna jibu la kiutendaji ambalo halisemwi sana. Agosti 2021, Marekani ilipoamua tarehe ya kuondoka Kabul, nchi za Ulaya zilizokuwa na askari na raia wao kule hazikuweza kuushika uwanja wa ndege hata siku moja zaidi baada ya Wamarekani kuondoka. Kilichokosekana kilikuwa ndege kubwa za usafirishaji, satelaiti, ndege za kujazia mafuta angani na kamandi ya kuvisimamia vyote kwa pamoja. Askari walikuwapo.

Kuhusu dhamana ya kisheria, Mkataba wa Lisbon, unaotumika tangu Desemba 2009, una Ibara ya 42(7) inayoitaka kila nchi mwanachama kuisaidia kwa kila njia iliyo katika uwezo wake nchi mwenzake iliyoshambuliwa ndani ya ardhi yake. Kimaandishi ibara hiyo ina makali kuliko ile ya 5 ya NATO, ambayo inaiachia kila nchi ichukue hatua inayoona ni ya lazima. Imetumika mara moja, na Ufaransa, baada ya mashambulizi ya Paris ya Novemba 2015. Msaada ulipangwa na nchi moja moja kwa mazungumzo na Paris, kwa kuwa nyuma ya ibara hiyo hakuna kamandi wala mpango wa vita. Na pale Umoja wa Ulaya na NATO wanapotaka kushirikiana rasmi, mgogoro wa Kupro unawafunga mikono: Uturuki, iliyo NATO, haiitambui Jamhuri ya Kupro, iliyo katika Umoja wa Ulaya, na kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake katika jumba lake.

#4

Naishi kaskazini mwa Ujerumani na ningependa kuongeza jambo ambalo mwanzisha uzi hajaligusa. Karibu na Bergen, katika eneo la Lohheide, kuna batalioni ya vifaru namba 414. Ni batalioni ya Kijerumani, lakini ndani yake wamo Waholanzi. Uholanzi iliamua mwaka 2011 kuachana na vifaru vyake vyote ili kubana matumizi, kisha ikagundua kwamba jeshi linalopoteza ujuzi wa vifaru haliurudishi kwa kununua vifaru. Kuanzia 2016 imekodi vifaru vya Leopard 2 kutoka Ujerumani, na askari wake wanahudumu katika batalioni hiyo bega kwa bega na Wajerumani. Batalioni hiyo iko chini ya brigedi ya Kiholanzi, na brigedi hiyo iko chini ya divisheni ya Kijerumani. Leo brigedi zote tatu za mapigano za jeshi la nchi kavu la Uholanzi zimeunganishwa na divisheni za Ujerumani. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna kilichounganishwa.

#5 – Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu. Mfano huo unaisaidia hoja yangu kuliko unavyoipinga. Tazama nani alilipa: Uholanzi inalipia kodi ya vifaru na askari wake, Ujerumani inatoa kambi na karakana, na kila upande unapata kitu ambacho usingekipata peke yake. Ubelgiji na Uholanzi nazo zimefanya vivyo hivyo baharini kwa muda mrefu zaidi, zikiwa na kamandi moja ya wanamaji huko Den Helder chini ya admirali mmoja. Wabelgiji na Waholanzi waligawana hata matengenezo ya meli, aina fulani ikihudumiwa na huyu na aina nyingine na yule, hadi imefika mahali ambapo mmoja akijitoa meli za mwenzake zinakwama bandarini.

Lakini angalia pia kilichobaki. Ikitokea divisheni ile iagizwe kwenda vitani, bunge la Berlin litapiga kura yake na serikali ya The Hague itafanya uamuzi wake, na kama mmoja atasema hapana, batalioni ile itagawanyika katikati. Waholanzi na Wajerumani wamekubali kuishi na hatari hiyo kwa sababu wanaaminiana na wanamwogopa adui mmoja. Jambo hilo huwezi kulitungia kanuni ya nchi 27 zenye majirani tofauti. Kwa Mhispania tishio liko kusini, ng'ambo ya bahari. Kwa Mlithuania liko mashariki, tena karibu sana, na ndiyo maana Ujerumani inapeleka brigedi ya kudumu huko Lithuania.

Niongeze kisa kimoja cha barabarani. Mwaka 2022 Ufaransa ilikuwa inapeleka vifaru vyake vya Leclerc kwenda Romania ili kuimarisha upande wa mashariki. Malori yaliyobeba vifaru hivyo hayakuruhusiwa kupita katika barabara za Ujerumani kwa sababu uzito wake kwa kila ekseli ulizidi kiwango cha sheria za huko, ikabidi vifaru viende kwa treni. Na treni nazo zina mwisho wake: reli za Estonia, Latvia na Lithuania zilijengwa kwa kipimo cha Kirusi cha milimita 1,520, wakati sehemu kubwa ya Ulaya inatumia 1,435, kwa hiyo shehena inayovuka kutoka Poland hupakuliwa na kupakiwa upya hadi mradi wa Rail Baltica, wa reli ya kipimo cha 1,435, ukamilike. Mambo ya namna hii hayatajwi kwenye hotuba, lakini mimi ningeyapa uzito kuliko nusu ya matamko niliyoyasoma.

#6

Mkuu, sasa tufafanulie hizo euro bilioni 800 za ulinzi zilizotangazwa na Kamisheni ya Ulaya Machi 2025. Fedha zote hizo zitakosaje kutatua tatizo?

#7 – Mwanzisha uzi

Kwanza tuzihesabu. Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya, aliposema "hadi bilioni 800", bilioni 650 kati ya hizo hazikuwa fedha zilizopo mahali. Zilikuwa ruhusa. Nchi wanachama zilipewa nafasi ya kuvuka ukomo wa nakisi ya bajeti kwa hadi asilimia 1.5 ya Pato la Taifa kwa miaka minne, mradi nyongeza hiyo iende kwenye ulinzi, na bilioni 650 ni makadirio ya kitakachopatikana iwapo nchi zitaitumia ruhusa hiyo. Nchi yenye deni dogo inafaidika nayo. Italia na Ufaransa, ambazo masoko ya fedha yanazitazama kwa jicho kali, haziwezi kukopa kwa moyo mwepesi hata zikiruhusiwa.

Bilioni 150 zilizobaki ndizo mpya kweli. Zinaitwa SAFE, na ni mikopo inayokopwa na Kamisheni ya Ulaya kwa dhamana ya bajeti ya Umoja kisha kukopeshwa nchi wanachama, kwa marejesho yanayoweza kufika miaka 45. Poland pekee ilitengewa zaidi ya bilioni 43. Mambo mawili yananivutia hapa. La kwanza ni kwamba kanuni ya SAFE ilipitishwa Mei 2025 chini ya Ibara ya 122 ya mkataba wa utendaji wa Umoja, inayoruhusu wingi wa kura bila kauli moja, hivyo kura ya turufu ya nchi moja haikuwa na nafasi. Bunge la Ulaya liliwekwa kando na limekwenda mahakamani kulalamika. La pili ni sharti la ununuzi: angalau asilimia 65 ya thamani ya sehemu zinazounda silaha inayonunuliwa lazima itoke ndani ya Umoja wa Ulaya, Ukraine au nchi chache zilizokubaliwa.

Sharti hilo limetoka mbali. Ripoti ya Septemba 2024 ya Mario Draghi, waziri mkuu wa zamani wa Italia, ilisema kwamba kati ya katikati ya 2022 na katikati ya 2023 asilimia 78 ya matumizi ya ununuzi wa silaha ya nchi za Umoja yalikwenda kwa wauzaji wa nje, na asilimia 63 yalikwenda Marekani. Ripoti hiyohiyo ilibainisha kuwa Ulaya inaendesha aina 12 za vifaru vikuu vya vita, Marekani ikiwa na aina moja. Wapo wachambuzi wanaoipinga hiyo asilimia 78, lakini hizo aina 12 hazina mjadala, na kila aina ina vipuri vyake, mafundi wake na karakana yake.

Mtu wa Brussels atakuambia kuwa nchi zinanunua nje kwa kukosa uzalendo wa Ulaya. Mimi sikubaliani naye. Chukua Poland. Ilipogawa vifaru vyake vya enzi za Kisovieti kwa Ukraine mwaka 2022 ilihitaji vingine mara moja, na foleni ya Leopard mpya ilikuwa ya miaka. Julai mwaka ule ilitia saini na Korea Kusini, na Desemba mwaka uleule vifaru vya kwanza vya K2 vilishushwa bandarini. Hakuna kiwanda cha Ulaya kilichoweza kuahidi hivyo, kwa sababu kwa miaka 30 serikali za Ulaya zilikuwa zinaagiza vifaru vichache vichache, na kiwanda hakiweki laini ya uzalishaji kwa oda isiyokuwapo.

Hali ni hiyohiyo kwa makombora ya mizinga ya milimita 155. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliiahidi Ukraine makombora milioni moja ndani ya miezi 12. Muda ulipoisha yalikuwa yamefika zaidi kidogo ya nusu, na ni serikali ya Cheki iliyokuja na wazo la kuyasaka popote yalipo duniani, nje ya Ulaya, kwa fedha za kuchanga. Ufaransa ilikuwa imeshikilia kwamba fedha za pamoja zinunue vya Ulaya tu. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mwaka 2030, lakini mpiga mzinga wa Donbas alikuwa anahesabu makombora ya wiki ile.

Hata ulinzi wa anga umegawanyika. Oktoba 2022 Ujerumani ilikusanya nchi 14 nyingine katika mpango wa ngao ya anga ya Ulaya unaotegemea mitambo ya IRIS-T ya Kijerumani, Patriot ya Marekani na Arrow 3 ya Israel. Ufaransa ilikaa nje, kwa kuwa yenyewe na Italia wana mitambo yao ya SAMP/T. Wote wanasema wanailinda Ulaya, na nadhani wote wanasema kweli, ila kila mmoja anailinda pamoja na kiwanda chake.

Kwa hiyo, ndugu, jibu langu ni kwamba fedha zitanunua silaha nyingi, na hilo si dogo. Ujerumani ilibadilisha katiba yake Machi 2025 ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya Pato la Taifa yasibanwe na breki ya madeni, yaani kanuni inayoizuia serikali kukopa kupita kiasi, na nchi za NATO ziliahidi huko The Hague mwezi Juni kufikia asilimia 5 ifikapo 2035, Hispania ikinung'unika. Tutaona majeshi 27 yenye silaha nyingi zaidi. Tukitaka kujua kama kuna umoja, tutazame zabuni: ni mikataba mingapi ya SAFE itakuwa ya nchi tatu au nne zinazonunua kifaa kilekile, kwa vipimo vilevile, bila kila jeshi kudai redio yake na rangi yake.

#8

Uchambuzi mzuri, lakini sisi wa huku yanatuhusu nini? Ulaya ikijihami au isijihami, bei ya unga haibadiliki.

#9 – Mwanzisha uzi

Mkuu, yanatuhusu kwa sababu sehemu kubwa ya hiyo sera ya pamoja imejaribiwa kwetu. Nimekwisha kutaja Ituri na Kivu. Tangu Desemba 2008 manowari za operesheni ya Atalanta zimekuwa zikizunguka nje ya pwani ya Somalia kulinda meli za chakula cha msaada na kukamata maharamia, na kwa makubaliano ya Machi 2009 kati ya Umoja wa Ulaya na Kenya baadhi ya waliokamatwa walipandishwa kizimbani Mombasa. Kamandi ya operesheni hiyo ilikuwa Northwood, Uingereza, hadi Machi 2019, Waingereza walipokuwa katika harakati za kujitoa kwenye Umoja, ikahamishiwa Rota, Hispania. Kuanzia 2010 wakufunzi wa Ulaya waliwafundisha askari wa Somalia katika kambi ya Bihanga, magharibi mwa Uganda, kabla ya kuhamia Mogadishu.

Kesi inayostahili kufuatiliwa zaidi ni Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliunda Mfuko wa Amani wa Ulaya, ambao uko nje ya bajeti ya kawaida kwa kuwa Ibara ya 41(2) ya mkataba inakataza bajeti hiyo kugharimia shughuli za kijeshi. Mfuko ulianza na chini ya euro bilioni 6 kwa miaka saba, ukapandishwa hadi zaidi ya bilioni 17 kwa sababu ya Ukraine, na mabilioni kadhaa ya fedha hizo yakakwama kwa muda mrefu kwa sababu Hungary pekee ilikataa. Kutoka mfuko huohuo jeshi la Rwanda lililoko Cabo Delgado liliidhinishiwa euro milioni 20 Desemba 2022, na milioni 20 nyingine Novemba 2024. Huko ndiko kuliko na mradi wa gesi wa TotalEnergies, kampuni ya Kifaransa, katika rasi ya Afungi.

Miezi minne baada ya malipo hayo ya pili kuidhinishwa, Machi 2025, Umoja uleule uliwawekea vikwazo makamanda wa jeshi lilelile la Rwanda kwa sababu ya msaada wake kwa waasi wa M23, kundi ambalo lilikuwa limeiteka Goma Januari ya mwaka huo. Jeshi moja liligharimiwa na Brussels kusini mwa Ruvuma, na makamanda wake wakaadhibiwa na Brussels kwa ajili ya Kivu. Sidhani kama kuna mtu mmoja aliyekaa akaupanga msimamo huo. Ni jumla ya maslahi ya miji mikuu kadhaa, kila mmoja ukivuta upande wake hadi wote wakaafikiana. Na ukirudi kwenye maswali yangu mawili ya mwanzo utaona kwa nini fedha za Cabo Delgado zilipita wakati ombi la kikosi cha Goma mwaka 2008 halikupita: safari hii gharama zilitoka mfuko wa pamoja, na askari waliokwenda msituni walikuwa wa nchi nyingine.